Siku kumi na tisa kabla ya kitufe cha kwanza

Kikoba cha mama hukutana kila Jumapili alasiri chini ya mwembe wa jirani, hapa Kihonda, Morogoro. Wanachama 27, hisa moja shilingi 5,000, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kaunta buku ambayo mhazini huibeba kwenye mfuko kwa heshima kama hati ya kiwanja. Jumapili moja hesabu zilikataa. Sandukuni kulikuwa na ziada ya 15,000, na kwenye kikoba ziada inatisha kama upungufu, maana kila mtu anajiuliza ni ya nani. Wakahesabu, wakarudia, adhana ya magharibi ikawakuta bado wako mkekani. Kumbe mhazini aliruka jina la mama mmoja aliyenunua hisa tatu. Mimi nilikuwa pembeni nachaji simu, nikaropoka: "Nitawatengenezea aplikesheni. Haya mambo yatafanyika kwenye simu."

Vigelegele vikapigwa. Hapo nilikuwa najua Dart, lugha ya kuandikia programu, kidogo tu niliyojifunza kwa kusoma kwenye simu, usiku, baada ya kazi ya stationery. Kompyuta sikuwa nayo.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuandika programu yenyewe. Tangu siku niliyonunua laptopu mpaka kitufe changu cha kwanza kuonekana kwenye kioo cha simu zilipita siku 19, na katika siku hizo sikuandika karibu chochote. Mama alinisikia nikimwambia rafiki yangu kwamba wiki ijayo naanza "kukodi", yaani kuandika programu, akaniuliza, "Unakodi nini tena baba, na hela ya kununua umeshatoa?"

Laptopu niliichukua Kariakoo, mtumba, laki nne na nusu. Muuzaji aliigonga mgongoni kama anayeuza tikiti maji: "Hii i5 bosi wangu, haikwami." Nikauliza diski ina ukubwa gani, akasema GB 500, roho ikatulia. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, sikuuliza. Ilikuwa GB 4. Sijamlaumu, kwa sababu alijibu nilichouliza. Na hiyo i5 ni jina la ukoo tu: kuna i5 za mwaka 2009 na kuna i5 za juzi, na zote zinaitwa hivyo hivyo. Yangu ni ya kizazi cha sita, kilichotoka 2015. Siyo mbaya hata leo. Ubovu ulikuwa kwingine.

Video zote za mafunzo nilizotazama zilianza kwa mtindo mmoja. Pakua Android Studio (programu ya kutengenezea aplikesheni za Android), bonyeza "Next" mara kadhaa, washa emuleta, haya tuendelee. Dakika nane. Anayefundisha ana mashine ya GB 32 na intaneti isiyohesabiwa. Mimi nilikuwa na bando la GB 10 la wiki, nikarusha hotspoti kutoka kwenye simu. Kisakinishi peke yake kinavuka GB 1. Kikishakaa kinaanza kuvuta SDK, yaani mkusanyiko wa zana za Android, na SDK ikishakaa, emuleta nayo inataka mfumo mzima wa Android wa kuendeshea simu yake ya bandia, GB nyingine na zaidi. Kufika saa nane usiku nikapata ule ujumbe wa kwenye simu unaokuambia umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Nikashangaa, maana kwa hesabu yangu nilikuwa sijafika hata nusu. Windows ilikuwa inajipakulia masasisho yake kimyakimya huku nikiiangalia.

Siku hizi kitu cha kwanza ninachofanya kwenye mashine yoyote, kabla hata ya kubadilisha picha ya mbele, ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi na kuiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ni kitufe kimoja. Inapunguza ulafi mara moja.

Emuleta yenyewe iligoma kwanza, ikidai VT-x imezimwa. VT-x ni uwezo wa prosesa kubeba kompyuta nyingine ndani yake, na kwenye mashine nyingi za mtumba huikuti imewashwa. Nikazima, nikawasha huku nabonyeza F10 kama napiga ngoma, nikaingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka, nikaipata, nikaiwasha. Nikarudi. Nikabonyeza kuanzisha simu ya bandia, nikaenda kuoga, nikarudi nikakuta alama ya Android bado inapumua kwenye skrini nyeusi. Kishale cha panya kikasita, kikaganda. Baadaye ndipo nilielewa: Android Studio imejengwa juu ya IntelliJ IDEA ya JetBrains, mlaji mkubwa wa RAM. Gradle, anayekusanya vipande vyote na kutengeneza faili la APK linalowekwa kwenye simu, ni mlaji wa pili. Emuleta ni wa tatu. Na Windows imeshatangulia kunawa. Wote hao nimewawekea sinia la GB 4.

Siku ya nne nikaenda kwa fundi mmoja karibu na stendi ya Msamvu, mzee wa makamo anayefanya kazi huku redio inasema. "Shikamoo fundi." "Marahaba mdogo wangu, imekuwaje?" Nikamweleza, nikaongeza na neno "prosesa" ili ajue siyo mgeni. Hakunijibu. Alibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, akanigeuzia skrini. Prosesa asilimia 14. Diski asilimia 100, na ilikuwa haishuki. "Kichwa kimekaa bure," akasema, "tumbo ndilo linahangaika."

Akafungua mgongo wa laptopu. Tundu mbili za RAM, moja tupu. Diski ni ile ya kuzunguka. SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 256 ilikuwa 65,000, RAM ya GB 8 ilikuwa 60,000, na mimi nilikuwa na hela ya kimoja. Karibu kila niliyemsoma alisema RAM kwanza. Fundi akasema SSD. Maelezo yake yalikuwa ya kikoba kabisa: RAM ikipungua, Windows inakopa nafasi kwenye diski. Ukikopa kwa diski ya kuzunguka, riba yake inakuua. Ukikopa kwa SSD, deni linalipika. Nikanunua SSD, na kwa mtu mwenye hela ya kimoja ningemshauri vivyo hivyo, ingawa najua wapo watakaobisha.

Jambo jingine alilonifanyia bila kumwomba ni kuiweka ile diski ya zamani kwenye kava la USB. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kupakua kila kitu upya. Kumbe SDK ya Android ni folda tu. Unainakili ilivyo, unaielekeza programu ilipo, basi. Nikaihamishia C:\Android\Sdk, na Windows mpya nikaifungulia jina la mtumiaji lisilo na nafasi katikati, kwa sababu lile la zamani lilikuwa maneno mawili na vyombo kadhaa vya Android hulalamika vikikuta nafasi kwenye njia ya folda. Flutter, zana ya kutengenezea aplikesheni kwa lugha ya Dart, nikaiweka C:\src\flutter. Usiiweke ndani ya Program Files, humo itakuomba ruhusa za msimamizi kila hatua.

Hapo niliamua pia kuachana na Android Studio kwa kazi ya kila siku. Naandikia kwenye VS Code, ni nyepesi. Studio iko, lakini naifungua kwa mwezi mara moja, kama sebule ya wageni.

Sasa nije kwenye ujinga wangu mkubwa kuliko yote. Flutter ina amri inaitwa flutter doctor, inapima mashine yako na kukupa majibu kama ya maabara: alama ya kijani kwa kilicho sawa, X nyekundu kwa kilichokosekana. Yangu ilikuja na X tatu. Ya kwanza ilisema hakuna cmdline-tools. Hiyo ni kuweka tiki sehemu moja kwenye SDK Manager. Ya pili, leseni hazijakubaliwa. Unaandika flutter doctor --android-licenses kisha unajibu y, y, y mpaka ikuachie. Ya tatu ilisema Visual Studio haipo. Nikajiambia, mbona VS Code ninayo? Nikasoma tena: ni Visual Studio, siyo Visual Studio Code. Jina la mama mmoja, baba mbalimbali. Nikanunua bando jingine, nikakaa usiku kucha nikivuta GB kadhaa za Visual Studio na vifaa vyake vya C++, ili ile X iondoke.

Asubuhi ikaondoka. Nikafurahi. Wiki iliyofuata ndipo niliposoma sentensi nzima pembeni ya ile X, ambayo muda wote ilikuwa pale pale: hiyo inahitajika kwa kutengeneza programu za Windows. Mimi natengeneza za simu. X ile ningeiacha mpaka kiama na isingenidhuru. Nilikuwa nasoma rangi, maneno sikuyasoma.

Kwa kuwa emuleta imenishinda, nikaamua kutumia simu ya mama. Ina GB 2 za RAM, kioo kimepasuka kona ya juu, na ndiyo aina ya simu ambayo wenzake wa kikoba wanayo. Kwa hiyo hata ningekuwa na mashine ya GB 64, bado ningefanya hivi. Aplikesheni inayoteleza kama samaki kwenye emuleta inaweza kusota kwenye simu ya mhazini, na mhazini ndiye mwenye kaunta buku.

Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, unatafuta namba ya muundo wa programu, unaigusa mara saba. Mara saba kweli, kama kitu cha mganga. Inakuambia sasa wewe ni msanidi. Kisha unawasha utatuzi kupitia USB. Nikachomeka waya. Simu ikaanza kuchaji. Kwenye kompyuta nikaandika adb devices, amri ya kuorodhesha simu zilizounganishwa, ikanijibu orodha tupu.

Siku tatu. Nilipakua madereva ya kila namna, zile programu za kuitambulisha simu kwa kompyuta. Niliondoa SDK nikairudisha. Nilibadilisha tundu la USB kushoto, kulia. Nilizima kinga ya virusi. Siku ya tatu jioni mdogo wangu akaja na waya wa simu yake kutaka kuchaji, mama akamwambia asubiri, mimi kwa hasira nikauchukua huo waya wake nikauchomeka badala ya wangu. Simu ikatoa mlio. Adb devices: mstari mmoja, namba ndefu, mbele yake neno "unauthorized". Nikaangalia kioo cha simu, kikawa kinaniuliza kama naiamini kompyuta hii. Nikagusa ndiyo.

Waya wangu niliununua 2,000 kwa mmachinga. Ndani yake kuna nyuzi za kupitisha umeme, za kupitisha data hazimo. Unachaji vizuri sana. Kwa nje huwezi kuutofautisha na mwenzake. Kipimo ni rahisi: chomeka simu, angalia kama inakuuliza juu ya kuhamisha mafaili. Kama inachaji tu bila swali, na kwenye mipangilio ya USB hakuna cha kuchagua, shuku waya kabla ya kumshuku dereva.

Basi nikachukua mradi wa mfano uliokuwa unaambatana na video moja ya zamani, nikauendesha. Ukakataa na maneno haya: Unsupported class file major version 65. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kosa hili hulikuta kila anayeanza na watu hujibizana juu yake kama ramli. Java, lugha ya programu ambayo Gradle huiendea, huweka namba kwenye kila faili inalotengeneza. Toa 44 kwenye namba hiyo, unapata toleo la Java. 52 ni Java 8. 61 ni Java 17. 65 ni Java 21. Kwa hiyo ujumbe ulikuwa unaniambia kitu cha wazi kabisa: unaendesha Java 21, na Gradle ya mradi huu ni ya zamani, haiijui. Mashine yangu ilikuwa na Java tatu: ya 8 niliyoiweka kwa kufuata maelezo ya zamani, ya 21 niliyoiweka kwa kudhani mpya ndiyo bora, na nyingine inayokuja ndani ya Android Studio. Nikaziondoa zile mbili, nikabaki na ya Studio. Mradi wa ile video nikautupa. Nikaanza wangu mtupu kwa flutter create, ambao huja na Gradle ya kisasa.

Ikaanza kuvuta Gradle. Umeme ukakatika. Betri ya mtumba ikajikaza dakika kumi na kitu, ikazima. Umeme uliporudi nikaendesha tena, nikapewa kosa jipya: zip END header not found. Yaani faili la zip halina mwisho. Na kweli halikuwa nao, lilikatikia njiani, na Gradle kila mara analikuta anadhani lipo zima. Unaingia kwenye folda ya mtumiaji, ndani ya .gradle, wrapper, dists, unafuta folda ya toleo hilo, unaanza upya. Kosa hili sikumuuliza mtu. Nilisoma sentensi yenyewe, nikaielewa, nikaenda moja kwa moja. Siku hiyo nilijiona nimekua.

Mara ya tatu Gradle akapita kwenye kupakua, akafika kwenye kujenga, mashine ikaganda. Kabisa. Hata saa ya kwenye kona haikusogea. Nikaizima kwa kubonyeza kitufe, nikaanza kupekua mafaili ya mradi mmoja mmoja. Ndani ya folda ya android kuna faili dogo linaitwa gradle.properties. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno -Xmx8G.

Nililiangalia hilo neno muda mrefu. Maana yake ni kwamba Gradle ameruhusiwa kutumia mpaka GB 8 za kumbukumbu. Kwenye mashine ya GB 4. Waliotengeneza kiolezo cha flutter create hawakukosea, waliupima kwa mashine zao. Nikaandika -Xmx1536M, nikafunga kivinjari, nikafunga hata VS Code, nikabaki na lile dirisha jeusi tu na simu ya mama juu ya meza. Dakika 31. Mama alipita mara mbili kuuliza simu yake. Mara ya tatu alikuta kioo cheupe chenye kitufe kimoja kimeandikwa "Ongeza hisa". Akakigusa. Namba ikatoka 0 ikawa 1. Akagusa tena, 2. "Na kupunguza je, mtu akikosea?" Kitufe cha kupunguza sikuwa nimekiweka.

Mara ya pili ujenzi ulichukua dakika mbili na ushei, kwa sababu kilichopakuliwa kimeshahifadhiwa. Folda ya .gradle sasa naitunza kama akiba ya mahindi. Nina nakala yake kwenye ile diski ya zamani, na wakati bando halipo naingia kwenye folda ya android nakumbusha kwa gradlew --offline kwamba kila kitu kipo ndani, hakuna kutoka. Flutter siisasishi kwa sababu tu imeniambia kuna toleo jipya. Mwisho wa mwezi nikaongeza ile RAM, jumla 12, na kazi ikawa kazi ya kawaida. Mambo ya iPhone sikuyagusa: yanataka Mac yenye Xcode na dola 99 kila mwaka, na katika kikoba kizima mwenye iPhone ni mkwe wa mwenyekiti, ambaye hata siyo mwanachama.

Sasa niko kwenye hatua ya Google Play. Dola 25 za kujiandikisha zinalipwa mara moja tu, nimeshalipa. Lakini akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 haziruhusiwi kutoa aplikesheni hadharani mpaka watu 12 wawe wameijaribu siku 14 mfululizo. Watengenezaji wengi husumbuka kutafuta hao 12. Mimi ninao chini ya mwembe. Wenye simu janja ni 14, shida ni kwamba nusu yao hawajui nywila ya Gmail, kwa kuwa aliyewafungulia ni mjukuu aliyeko shule ya bweni. Mhazini amekubali kuandika kote kuwili, kaunta buku kwanza, simu baadaye, na sijambishia.

Mdogo wangu nilimnunulia waya mwingine, ule wake mzuri nikauchukua mimi. Nimeufunga uzi mwekundu kwenye shingo ili mtu asiuchanganye na wa kuchajia. Mama kauona juzi ukining'inia kwenye msumari, akauangalia, akaniangalia. "Baba, kompyuta nayo umeivalisha hirizi?" Nilikuwa nahesabu wajaribu kwenye daftari. Walikuwa kumi na mmoja.